Ngoma ya Katikati Haiazimwi

Jumanne, 8 Oktoba

Siku nne zimebaki! Tamasha la Ngoma na Utamaduni, uwanja wa mpira, Bukiriro, Jumamosi saa nane mchana. Mkurugenzi: mimi, Protasi. Katibu: mimi. Mtunza vifaa: mimi pia, maana inkiranya iko chumbani kwangu, kati ya kitanda na gunia la maharage ya mbegu. Mke wangu Yuster anajikwaa nayo kila asubuhi. Anasema aliolewa na mwanamume mmoja lakini sasa analala na vitambi viwili. Sanaa ina gharama zake.

Inkiranya ni ile ngoma kubwa inayokaa katikati. Nyingine zote huifuata. Isipolia yenyewe, zilizobaki ni madebe tu. Aliichonga mzee Niyongabo kule Lukole, enzi za kambi ya wakimbizi, na wapigaji wote wa huku amewafundisha yeye. Niliiazima mwezi wa nane. Nilisema wiki moja.

Leo amekuja mkewe, bibi Kankindi. Kwa miguu, saa mbili nzima. Shikamoo, marahaba, akakaa kwenye kigoda. Akasema mzee ameacha kula. Siku ya tano sasa anapewa maji kwa kijiko. Anaomba kitu kimoja tu: inkiranya irudishwe, ipigwe kidogo pale uani, aisikie. Basi, aende zake kwa amani.

Nikafikiri upesi. Ikipigwa uani kwake leo, mlima mzima unasikia bure. Nani atakuja uwanjani Jumamosi? Halafu kuna Frednand wa Nyakahura. Ana spika nne, ana jenereta, na ameweka tamasha lake Jumamosi hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, na lori la kuwachukua watu bure hata wa huku kwetu! Makusudi! Ngoma ikitoka tu mlangoni kwangu, ataizengea.

Nikamwambia bibi kwamba ngozi imelegea kwa hizi mvua, lazima ianikwe juani siku mbili tatu. Uongo mdogo. Ngozi imekaza vizuri kabisa. Akasema sawa, mwanangu. Akainuka, akaondoka. Chai yenyewe ilikuwa haijachemka.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimeamka na akili. Nikadandia lori la ndizi hadi gulioni Nyakahura. Nikasogea kwenye mafungu ya nyanya, nikamnong'oneza mama mmoja: mmesikia, kwa Frednand kuna msiba, tamasha limeahirishwa. Akauliza nani kafariki. Hapo sikuwa nimejiandaa. Nikasema baba yake mdogo. Nikatoa na chozi. Msanii ni msanii!

Mpaka saa sita gulio zima lilikuwa linasikitika. Nikarudi nyumbani naimba.

Yuster hana furaha. Anasema bibi Kankindi amekuja tena, ameuliza kama ngozi imekauka. Yuster alitaka kumkabidhi ngoma yake aondoke nayo, lakini chumba nilikuwa nimekifunga na ufunguo nilikuwa nao mfukoni. Hakuweza hata kubadili kanga siku nzima. Nimemweleza kwamba huo ndio unaitwa usalama wa vifaa. Akasema huo ni uchawi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mambo yameharibika. Derick wa bodaboda ndiye aliyeniletea habari, huku akicheka mpaka anakohoa. Akina mama wa Nyakahura jana wamejitwisha kuni, ndizi na maharage, wakaenda kwa Frednand kuhani. Wanalia tangu njiani. Wakafika, wakamkuta huyo baba mdogo amekaa mlangoni anakula muhogo. Mmoja akatupa kuni akakimbia. Frednand hakuuliza nani kazusha. Aliwawekea viti, akawasha spika, akawachezesha. Sasa wote wameapa kwenda kwake Jumamosi, na ametangaza kwenye maiki kwamba kwake wafu wanafufuka. Yule mtu hana haya!

Lazima nami niwe na kivutio. Nikaenda kwa mzee Niyongabo mwenyewe.

Amekwisha. Blanketi limekaa kitandani kama halijafunika mtu. Nikampa shikamoo mara mbili. Akafumbua macho, akaniuliza kama imekaza. Nikasema bado, mzee wangu, ila Jumamosi nakubeba kwa machela mpaka uwanjani, uisikie mbele ya watu elfu mbili. Akasema Jumamosi ni mbali. Nikamwambia ni keshokutwa tu. Akafumba macho, na mimi nikachukulia kwamba amekubali.

Vidole vyake vilikuwa vinapiga blanketi. Polepole, mdundo ule anaofungulia ngoma. Nikatoka nje nikafuta macho. Moshi wa jikoni kwao ni mkali sana.

Nimeongeza kwenye bango: MZEE NIYONGABO MWENYEWE, KWA MARA YA MWISHO. Yuster amelisoma, akaingia ndani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Uasi! Asubuhi wapigaji wote sita wamesimama uani kwangu. Wakasema wanaomba inkiranya kwa saa moja tu, wakampigie mzee, wairudishe. Nikawaambia haiwezekani, ngoma ni ya tamasha, taratibu ni taratibu. Mkubwa wao, Niyokwizera, akasema kwa upole kwamba ngoma ni ya mzee. Nikasema nitalifikiria, warudi jioni.

Walipopotea tu kwenye kona, nikaitoa. Nikaibingirisha hadi migombani, nikaitumbukiza kwenye lile shimo letu la kuivishia ndizi za pombe. Nikalifunika kwa majani ya migomba na udongo kidogo. Hakuna binadamu atakayefikiria hapo! Waliporudi nikawaambia iko kwa fundi kule Biharamulo. Niyokwizera alinitazama sana. Wakaondoka bila kuaga.

Mvua imenyesha kuanzia saa tisa hadi giza. Nzuri kwa maharage.

Jumamosi, 12 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mzee na machela yangu ya magunia. Kimya. Bibi Kankindi amekaa chini, ameegemea kitanda, ameushika mkono wa mzee. Nikasema shikamoo bibi, nimekuja kumchukua. Akasema umechelewa, ameshachukuliwa. Alfajiri ile.

Nikaketi juu ya machela yangu. Nasema kweli. Yule mzee ndiye aliyenishikisha fimbo za ngoma nikiwa sina hata meno ya mbele, na hakuwahi kunicheka, ingawa sikujua kupiga na mpaka leo sijui.

Lakini akili ikaniambia: Protasi, bibi hajalia bado. Huku kwetu kilio kikishasikika, basi. Jembe halishikwi, ngoma hailii, mpaka marehemu azikwe. Nikapiga magoti. Nikamwomba bibi azuie kilio mpaka jioni. Hadi saa kumi na moja tu! Nikasema hata mzee mwenyewe angependa, ni heshima yake, jina lake liko kwenye bango. Nilisema maneno mengi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: lete ngoma kwanza.

Nikajua tumeelewana! Nikampigia Derick simu, tukaruka kwa pikipiki, nikaifukua, tukaifunga nyuma. Nilikuwa nimejaa tope hadi kwenye nyusi. Saa tatu inkiranya ilikuwa ndani. Nilitegemea aiguse tu kisha niondoke nayo. Bibi akaisogeza hadi kitandani, akauchukua mkono wa mzee akauweka juu ya ngozi. Akakaa hivyo kidogo. Akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akasimama mlangoni.

Akalia.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Ng'ambo ya bonde watu walikuwa wanapanda maharage. Niliona majembe yanashushwa moja moja. Wapigaji walikuja wakikimbia. Niyokwizera alinipita kama hanioni, akaenda kukaa karibu na ile ngoma, na nikaelewa kwamba haitoki tena.

Saa nane nilikuwa uwanjani. Mgeni rasmi niliyemwalika yuko msibani. Wapigaji wako msibani. Lori la Frednand halikuonekana. Nilikuwa mimi, bango, na mbuzi wawili. Mmoja ni wetu.

Jumapili, 13 Oktoba

Watu mia tatu wako msibani. Mia tatu! Nimewahesabu. Wangekuja uwanjani nusu yake tu, ningekuwa mtu mwingine leo.

Na nani ametokea baada ya misa? Frednand. Amevunja tamasha lake jana ile ile aliposikia, akaja na turubai, spika, jenereta, na lori limejaa wale akina mama wa Nyakahura na kuni zao zile zile. Akasema mzee alimfundisha bure miaka mitatu. Akaomba afanye kazi yoyote, akapewa kuchota maji. Akachota! Kutafuta umaarufu tu.

Nilifunga bango langu pembeni mwa turubai, pale wanapoingilia watu, kwa heshima. Yuster akalifungua akawapa wamenyaji. Wamemenyea ndizi juu yake, maganda yote juu ya jina langu. Nimemwuliza yuko upande wa nani. Akasema upande wa marehemu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Tumemzika saa tisa. Mvua ya rasharasha.

Kwao mpiga ngoma akishafunikwa udongo, inkiranya hupigwa mara tatu, ajue kwamba wenzake wamemsindikiza. Wakaileta, wakaiweka kwenye tope. Niyokwizera akainua fimbo.

Pu.

Ngozi ilikuwa imelegea. Shimo la ndizi lilikuwa limejaa maji Ijumaa ile, na ngozi imeyanywa yote. Ilitoa mlio kama wa kiroba cha unga kinachoanguka. Watu wote mia tatu wamesimama. Wakatafuta majani makavu ya migomba wawashe moto waikaushe. Makavu hayapo, yote yamelowa. Wakapuliza, wakapuliza. Frednand akatoa koti lake la suti likawa mwavuli juu ya moto. Karibu saa nzima, na marehemu anangoja. Walikuwa wananitazama tu. Nikainama nikafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Mwishowe ililia mara tatu. Kidogo sana. Sidhani kama ilifika chini.

Usiku sikula. Yuster hakuwa amepika.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimepata nguvu. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Nimekwenda kwa bibi Kankindi kumpa pole na kumwuliza, taratibu tu, kama inkiranya itakuwa na nafasi. Yuster alinifuata, hakuniamini kwenda peke yangu. Bibi ametupa chai. Ngoma iko kitandani kwa mzee, imefunikwa blanketi lake.

Akatueleza bila kuulizwa. Ijumaa mchana, kabla ya mvua, mzee alikuwa anauliza kila saa kama ngoma imekuja. Mwisho bibi akachoka kusema bado. Akasema imekuja. Akachukua dumu la maji, akakaa nalo uani karibu na dirisha, akalipiga kwa mwiko, ule mdundo wa kufungulia, kama anavyoukumbuka. Mzee akasikiliza. Akatikisa kichwa. Akasema: kumbe Protasi alisema kweli, ngozi imelegea. Mwambieni asiharakishe, aianike vizuri. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Hakusema tena.

Yuster aliweka kikombe chini, akajifunika uso kwa kanga.

Mimi nikapuliza chai yangu mpaka ikapoa. Halafu nikaanza kuona mwanga. Mzee Niyongabo, fundi mkubwa kuliko wote, amethibitisha kwa kinywa chake kwamba ngozi ililegea. Na Jumatatu kila mtu amesikia kwa masikio yake kwamba imelegea. Kwa hiyo sikudanganya! Nimemweleza Yuster hivyo njiani. Amepita njia nyingine.

Sasa mipango. Siku ya kuanua matanga watu watakuwepo tayari, turubai lipo, chakula kipo, spika za Frednand zipo. Kinachokosekana ni Mkurugenzi. Bango jipya nitaliandika kwa rangi ya mafuta, halilowi.

Na nimesikia bibi Adventina, yule wa zeze, wa mwisho anayejua nyimbo za zamani huku, anakohoa tangu Jumapili. Kesho asubuhi na mapema naenda kumwazima hilo zeze, kabla Frednand hajapata habari. Nitamwambia wiki moja.

Nafasi ipo. Kati ya kitanda na gunia.