Ubeti wa Pili ni Wangu

Jumatatu, 3 Juni
Jumapili Mama anastaafu uuguzi. Zawadi yetu ni wimbo. Kaka yuko mbali, dada na mumewe mbali zaidi, kwa hiyo kila mtu anajirekodi kwake na kuweka faili kwenye folda yetu ya mtandaoni. Kaka anapiga gitaa na kuunganisha yote, dada anapiga kinanda. Nikajitolea kuimba wimbo mzima. Kaka kakataa: mimi ubeti wa kwanza, shemeji wa pili. Ati ana sauti tulivu. Ng'o! Kitinda mimba ni mimi. Mama akilia, alie kwa sauti yangu.

Jumanne, 4 Juni
Nimerekodi ndani ya kabati la nguo, kuzuia mwangwi. Studio kamili! Nilipofika pale sauti inapopanda juu kabisa, mke wangu akafungua mlango, akachukua sketi, akafunga. Kaka kasikiliza, kasema nachelewa mapigo mwanzo mwisho. Nikamwambia ni intaneti ya huku, inasuasua. Akasema faili likifika limefika, kuchelewa ni kwangu mwenyewe. Mjuaji huyo!

Jumatano, 5 Juni
Ubeti wa shemeji umeingia. Nimeusikiliza. Nikarudia. Nikarudia tena. Mzuri, jamani! Roho imeniuma. Mke wangu kasimama mlangoni na ufagio, machozi yanamlengalenga, akaomba niurudie. Basi, nimeufuta. Kesho naimba ubeti wa pili mimi, nauweka kwa jina la faili lake. Nani atajua?

Alhamisi, 6 Juni
Mungu wangu. Kumbe sikufuta faili, nimefuta folda! Gitaa, kinanda, sauti, vyote vimetoweka, kwa kila mtu. Kaka kapiga simu akifoka. Nikasema tumevamiwa na wadukuzi. Akasema folda inaonyesha aliyefuta, na ni mimi. Nikasema wadukuzi wa siku hizi wanatumia majina ya watu wema. Akakata simu.

Ijumaa, 7 Juni
Kaka alikuwa na nakala ya ala zote. Shemeji kaimba upya bila kinyongo, tena vizuri zaidi! Kaniandikia nisijali, mambo ya mashine hayo. Watu wema wanachosha. Nami nimerudi kabatini, nimeimba mpaka koo limekwaruza. Kaka kasema inatosha, kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa.

Jumapili, 9 Juni
Wote kwenye simu ya video. Ubeti wangu ulipoanza, Mama akakunja uso, akauliza naumwa nini. Muuguzi hastaafu! Kaniamuru nisogee kwenye kamera, nitoe ulimi, niseme aaa. Ubeti wa shemeji ukapita wote Mama akinichungulia koo. Hakuusikia hata kidogo! Kasema nisukutue kwa maji ya chumvi. Hakulia, lakini aliongea na mimi tu. Nimeshinda!

Baba anastaafu Desemba. Nimeshafungua folda mpya, nimeiwekea nywila ngumu ajabu, shemeji asitie mguu. Nimejaribu kuingia sasa hivi. Inanikataa.