Bwana Harusi wa Chovai

Ghalib alikuwa hajashusha mguu majini alipoyaona matenga. Yalikuwa saba, yamezamishwa ufukoni pale Chovai, na ndani yake kamba-koche wamejaa tele, wanachezesha masharubu. Wachuuzi wa Kismayu walikuwa hawajafika kisiwani mwezi mzima. Mtu mwingine angeona chakula. Ghalib aliona tiketi.

Tumtambulishe sisi, maana akijitambulisha mwenyewe hatutamaliza leo. Alikuwa mwigizaji, na hilo tusimnyime. Kismayu aliwahi kuuza viti vya mchezo ambao pazia lake halijafunguliwa mpaka leo. Burgao aliigiza daktari wa macho kwa siku nne, na haukuwa mchezo. Mashua aliyokuja nayo, yenye mashine ya nguvu za farasi arobaini, ndiyo mali pekee aliyowahi kuipata kwa jasho, ingawa jasho lenyewe lilikuwa la mtu mwingine. Aliipenda mashua ile kuliko ndugu zake, na ndugu zake walijua.

Ufukoni alimkuta mwanamke wa makamo, leso kiunoni, anaipaka mashua mafuta ya papa. Kando yake zilikuwapo nyingine mbili, nzuri vilevile.

"Mashua hizi za nani, bibie?"

"Zangu."

"Zote tatu?"

"Za mahari," alijibu Bimdogo, maana ndilo jina lake, bila kuinua uso.

Ghalib akapiga mahesabu ya haraka. Mwanamke aliyeolewa akaachika mara tatu, mali anayo, kamba wapo, na kisiwa kizima hakina pa kwenda jioni. Akamshukuru Mola kwa riziki, akaenda kutafuta baraza.

Baraza alilopata lilikuwa la Mzee Shuaibu, babake Bimdogo. Kufika Alasiri watu walikuwa wamejaa.

"Ndugu zangu," alisema Ghalib, mkono kifuani, "mpaka lini tutatazama michezo ya wenzetu kwenye simu? Wetu tuuandae wenyewe, tuucheze wenyewe, mapato tule wenyewe. Kiingilio kamba mmoja kwa kila mtu mzima. Watoto waje na pweza."

"Na hao kamba?" aliuliza Adnani, fundi wa mashua, mtu mwenye wake wawili na maneno machache.

"Nitawapeleka mimi hotelini Kismayu. Ijumaa narudi na fungu la kila mchezaji."

Hakusema Ijumaa ipi. Wala hakuna aliyeuliza, na mjanja mwenye akili timamu angeshtuka hapo.

Mchezo aliutunga palepale. Tajiri wa Kismayu anampenda binti wa mvuvi, baba anakataa, tajiri anaugua mapenzi, baba anakubali, ndoa inafungwa. Tajiri ni Ghalib, bila shaka. Kwa upande wa bi harusi watu wote walimtazama Bimdogo, naye akaona haya kwa muda unaostahili, wala hakuzidisha.

Siku ya mazoezi Adnani alitokea amebandika ndevu za pamba, yeye ndiye sheikh. Ghalib akakamata kichwa kwa mikono miwili, Kibajuni kikamtoka, watu wakawa wachu.

"Pamba? Wachu watalia kwa pamba?"

"Ndizo tulizo nazo," alisema Adnani.

"Sanaa ni ukweli, ndugu yangu. Nataka sheikh wa kweli, baba wa kweli, mashahidi wa kweli na halwa ya kweli. Mimi nimecheza Mogadishu."

Mogadishu alikuwa hajafika.

"Sheikh wa kweli?" Bimdogo aliuliza taratibu. "Una yakini, bwana Ghalib?"

"Bi Bimdogo, kazi ya kuigiza niachieni mimi."

"Haya basi," alisema Bimdogo. "Umesema wewe."

Alhamisi baada ya Adhuhuri watu walifurika, wengine wakavuka kutoka kisiwa cha Chula na watoto wao na pweza wao. Kila tenga lililojaa, Ghalib aliagiza lipakiwe katika mashua yake, kwa ajili ya usalama. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Mchezo ukiisha watu wataswali Alasiri, na wao wakiwa kwenye sijda, yeye atakuwa ameshapita mwamba.

Na kwa kweli alicheza vizuri. Alipougua mapenzi, kizee mmoja alimletea maji jukwaani. Ilipofika ndoa, Sheikh Mahmudi, imamu wa msikiti wa hapo, alikaa kwenye jamvi, Mzee Shuaibu akamshika Ghalib mkono, na mashahidi wawili wakasogea. Wanawake walikuwa wanafuta macho. Ghalib alikuwa ameshawaliza watazamaji wengi, lakini siku zote huwa ameshaondoka. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kuyaona machozi kwa macho yake, akalewa.

"Kwa mahari gani?" aliuliza sheikh.

Mchezo ulisema dhahabu. Ghalib akaona dhahabu haitoshi.

"Mashua yangu ile pale," alisema, akinyoosha kidole baharini, "na mashine yake, na vyote vilivyomo ndani. Nimekubali ndoa yake kwa mahari hayo."

"Rudia, mwanangu. Wa nyuma hawakusikia."

Akarudia, kwa sauti ya kifuani. Vigelegele vikapasua anga.

Alasiri iliadhiniwa, wanaume wakaingia msikitini. Ghalib alishika viatu mkononi akateremka ufukoni. Katika mashua, juu ya matenga, alikaa Bimdogo akila halwa.

"Waenda wapi, mume wangu?"

"Mchezo umekwisha, bibie."

"Mchezo umekwisha, kweli. Kaa ule halwa."

Ghalib akacheka. Alicheka peke yake mpaka watu walipotoka msikitini, Sheikh Mahmudi mbele, Mzee Shuaibu na Adnani nyuma.

"Sheikh, waambie," alisema Ghalib. "Tulikuwa tunaigiza."

"Ndoa haina mzaha, mwanangu. Walii alikuwapo, mashahidi walikuwapo, mahari yametajwa, nawe umekubali mara mbili. Hata ungekubali huku unacheka, imefungwa."

"Basi namwacha. Sasa hivi, mbele yenu."

"Waweza. Na kwa kuwa hamjaingia chumbani, eda hana, na nusu ya mahari inarudi kwako."

Bimdogo alikuwa anaitikia kwa kichwa, maneno yote anayajua.

Ghalib aliitazama mashua yake. Roho ilimuuma kweli, na hapa tusimcheke. "Nusu ipi?" aliuliza.

"Chagua," alisema Bimdogo. "Wa kwanza alichagua ya mbele. Wa pili akachagua ya nyuma, kwa sababu ya mashine. Nusu zao zipo pale, sijazigusa. Siku wakija na msumeno watazichukua."

Ghalib aligeuka akazitazama mashua tatu ufukoni. "Na wa tatu?"

"Wa tatu alikuwa daktari wa meno. Yeye alilia tu."

"Nyinyi ni wachu gani?"

"Wachezaji," alisema Adnani. "Kikundi chetu kina miaka sita. Tunaandaa wenyewe, tunakula mapato wenyewe. Mchezo tunao huu mmoja, shida yetu kila mara ni bwana harusi."

Mashua ilibaki ufukoni kando ya zile tatu, na kamba wakagawanywa nusu kwa nusu. Nusu ya Bimdogo iligawiwa wachezaji palepale, hata kizee aliyeleta maji alipata fungu lake, maana hata yeye alikuwa katika mchezo. Kwenye nusu ya Ghalib ilitoka halwa, likatoka jamvi, ikatoka zawadi ya sheikh, na ikatoka nauli, kwa sababu Adnani ndiye aliyekuwa anapeleka shehena Kismayu kwa mashua ya daktari wa meno. Ghalib alibakiwa na kamba mmoja aliyekatika sharubu. Alikaa naye mapajani.

Kabla ya kufika nusu ya njia walikutana na mashua mpya, mashine ya sitini. Ndani yake alikuwamo bwana mmoja aliyevaa suti na miwani nyeusi, na spika mbili kubwa.

"Walaal, ndugu zangu," aliita yule bwana, "watu wa Chovai wakoje?"

Adnani akatazama mawingu. Ghalib aliitazama ile mashua, mbao zake, mashine yake inavyong'aa. Alimhurumia mtu yule. Neno la kumwonya lilimfika mpaka ulimini.

"Watu wepesi sana," alisema. "Wana kimchezo chao cha harusi. Wakikuomba usiwavunje moyo."

Yule bwana alishukuru, akaongeza moto. Ghalib alingoja mpaka akawa mbali, kisha akamgeukia Adnani.

"Na fungu langu?"

"Fungu gani?"

"Nimewaletea bwana harusi."

Adnani alifikiri kidogo. Akafungua tenga, akachagua mwenye masharubu yote mawili, akamtupia.