Machipuko Yafunguliwa Rasmi Saa Tatu Asubuhi

Idara ya Maji na Nyasi ilitangaza kwamba majira ya machipuko hapa jimboni Friesland yangefunguliwa rasmi Jumamosi, saa tatu kamili asubuhi, kwa matembezi ya kutazama ndege kinamasini. Ndege saba walipangiwa muda wa kuonekana. Ratiba niliiandaa mimi, Wiebren, katibu wa Idara, na nasema bila haya kwamba ilikuwa safi.

Ndege sita walitii. Wa saba, korongo, alipaswa kutua saa tatu na dakika arobaini. Hakutua.

"Yuko wapi?" Mkurugenzi Hylkema alimuuliza Sjoukje, mwongoza wageni wetu kwa miaka ishirini na miwili, mama asiyejua kazi nyingine.

"Atakuwa anakula vyura, mzee. Ndege havai saa."

"Huo ni utovu wa nidhamu!"

"Wangu au wake?"

Wageni wakaangua kicheko. Mkurugenzi hapendi kuchekwa. Palepale, akiugeuza mgongo wangu meza, akasaini kufuta cheo cha mwongoza wageni. Badala yake ungewekwa ubao wenye picha. Sjoukje alikunja mkanda wa darubini yake, machozi yakimlengalenga. Iliniuma, lakini mgongo wa mtumishi wa umma hauna maoni.

"Sasa ndege nitawaonyesha mwenyewe," akasema Mkurugenzi.

Kwetu, anayeona yai la kwanza la mwaka la ndege fulani wa kinamasini mwenye kishungi hupewa mkono na mkubwa wa jimbo na kutolewa gazetini. Hylkema amelitamani yai hilo tangu utotoni. Ndege mmoja wa aina hiyo aliporuka ng'ambo ya mfereji, Mkurugenzi alimnyang'anya mgeni mti mrefu wa kurukia mifereji, akajirusha. Kwa mtu wa kitambi kile, aliruka vizuri. Alitua nyasini, katikati ya viota vitatu.

"Yai! Nimeliona!"

"Hongera, mzee," Sjoukje akamwitikia. "Sasa usisogee hata kidogo."

Kanuni ya Tisa, aliyoitunga Mkurugenzi mwenyewe, inasema aliye ndani ya hatua hamsini za kiota asimame alipo mpaka mwongoza wageni wa Idara amtoe. Mkulima mmoja alishapokonywa kibali kwa hatua arobaini na nane.

"Nitoe basi, mama!"

"Mimi? Mimi si wa Idara. Uliza ubao."

"Nimekurudisha kazini!"

"Kwa mdomo tu? Si ulisema ajira ni kwa maandishi?"

"Wiebren! Lete karatasi!"

Nilisikitika kumkumbusha kwamba kati yetu ilikuwepo Kanuni ya Tisa. Ndipo nikaikumbuka Kanuni ya Pili: Mkurugenzi asipoweza kufika ofisini, katibu anakaimu. Nilimtazama kwa makini. Hakuweza kufika. Nikakaimu.

Nilimrudisha Sjoukje kazini kwa maandishi, nikafuta ubao. Akainua darubini, akavikagua viota bila haraka. Ndege mama walikuwa wamerudi kulalia, mmoja karibu kabisa na kiatu cha Mkurugenzi.

"Vifaranga watatoka baada ya siku ishirini na sita," akatangaza. "Tutamrushia mkate."

Bibi mmoja mgeni alikuwa bado anamtazama Hylkema kwa darubini. "Huyu anakaa hapa mwaka mzima?"

"Hapana, bibi," Sjoukje akamjibu. "Huyo anahama. Kiti chake kimeshapata mwingine."