Simu ya Salwa na Ubongo Unaokua

Jumatatu, 1 Septemba 2003
Daktari kasema redioni: simu za mkononi huenda zikaathiri ubongo wa vijana, maana bado unakua. Uchunguzi unaendelea. Mimi siwezi kungoja uishe! Jumamosi wazazi wa sekondari yetu hapa Nzuguni wanachagua mwenyekiti wa kamati. Tunagombea wawili: mimi fundi cherehani, na Mazengo muuza dawa za mifugo, mtu wa kujisikia sana. Hoja yangu nimeipata. Nimempokonya binti yangu Salwa simu aliyoletewa na mjomba wake. Kasema sawa baba, kaenda kusoma. Hata kulia hakulia. Keshaathirika.

Jumanne, 2 Septemba
Nimeipekua. Meseji za Daudi, mtoto wa Mazengo! Ni maswali ya hisabati, lakini mambo huanza hivyo hivyo. Nikaandika kama Salwa: mambo, Daudi? Jibu likaja kwa herufi kubwa tupu: HATUJAMBO. MIFUGO WAZIMA. WAZEE HAWAJAMBO? Kijana wa kidato cha tatu huyo! Ubongo umekwisha. Nimesikitika. Nimefurahi pia.

Jumatano, 3 Septemba
Daudi anabipu tu, hapigi. Ubahili wa baba yake. Nami nikambipu. Akabipu. Kutwa nzima. Joho la kwaya nimelishona, mkono mmoja umetokea shingoni. Mwenyewe kaja kulijaribu, kauliza kichwa apitishe wapi. Mke wangu Mwanamvua kauliza kama naumwa. Nimemjibu nachunguza athari za simu kwa vijana.

Ijumaa, 5 Septemba
Mtego tayari! "Salwa" kamwomba Daudi aje kesho mkutanoni, kafunga leso nyekundu shingoni. Nitamsimamisha mbele ya wazazi, na uenyekiti ni wangu. Kakubali upesi. Naye kaomba Salwa aje na mwavuli. Mwavuli, Dodoma, Septemba! Maskini mtoto. Nitaushika mimi, asije akashtuka.

Jumamosi, 6 Septemba
Jua kali, mimi na mwavuli. Leso nyekundu nikaiona kwa mbali. Shingoni kwa Mazengo! Nikadhani kamvua mwanawe. Zamu yangu ya kusema ikafika. Nikawaambia wazazi kuna kijana anamsumbua binti yangu kwa simu, nitambipu wote wamsikie. Nikabipu. Mfuko wa Mazengo ukalia!

Mazengo akasimama kwa hasira. Kasema simu ni ya mwanawe, kamnyang'anya tangu Jumatatu alipomsikia daktari redioni, na tangu hapo kuna binti hampi nafasi ya kupumua. Akabipu. Mfuko wangu ukalia.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwalimu mkuu kaongeza kwamba Salwa na Daudi wako maktaba, wamekuwa wakisoma pamoja huko wiki nzima. Niliona aibu, nikafungua mwavuli nijifiche. Wakamchagua Mama Yudith, ambaye hata hakugombea.

Jumapili, 7 Septemba
Nimetafakari. Daktari alisema kweli. Tazama simu ilivyomharibu Mazengo! Salwa kaja, kanipa shikamoo, kaomba simu yake amuulize Daudi swali moja la hisabati. Nimemwambia haiwezekani, ubongo wake bado unakua. Wangu ulishamaliza kukua zamani. Alitaka kusema neno, nikamwambia angoje kwanza. Mazengo alikuwa kabipu, na siwezi kumwacha awe wa mwisho.