Mwasisi wa Kumi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimepewa kazi kubwa. Jumuiya yetu ya Sayansi na Sanaa inatimiza miaka hamsini, na mimi, Goodluck, karani wa ofisi, ndiye nitakayeandika historia yake. Ofisi yenyewe ni vyumba viwili Kariakoo, juu ya duka la vitenge. Katibu wetu Elieshi, mtaalamu wa miamba, aliitaka kazi hiyo. Kamati ikasema ana shughuli nyingi. Nikampa pole. Sikumaanisha.

Jumanne, 4 Machi
Nimefungua daftari la mkutano wa kwanza. Mchwa wamekula ukurasa wa waasisi. Yamebaki majina tisa na tundu. Nimelitazama tundu lile asubuhi nzima. Linamtosha kabisa marehemu baba, Pantaleo wa Masasi. Baba alikuwa mhudumu hapa hapa, akawachemshia wasomi chai miaka ishirini na sita. Wengine hawakujua hata jina lake. Saa saba mchana akawa mwasisi.

Jumatano, 5 Machi
Elieshi ameiona orodha. Kauliza huyu wa kumi alisomea wapi. Nikamjibu, kusini. Akasema orodha haichapwi bila saini ya Bibi Scholastika, mchoraji, mwasisi pekee aliye hai. Vizuri. Bibi ana miaka themanini na minane na haoni sawasawa. Nitamsomea tisa, atasaini kumi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kwa Bibi, mtaa wa Upanga, kwa bajaji. Shikamoo, marahaba, juisi ya ukwaju. Nimesoma majina kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Bibi akachukua kalamu, akaiweka chini.

"Umeruka mmoja," akasema. "Macho yamechoka, masikio bado. Umevuta pumzi baada ya jina la Abubakary."

Nikamtaja Pantaleo. Nikakiri ni baba yangu.

Nikaanza kutafuta viatu kwa macho.

Kisha Bibi akacheka taratibu. Akasema baba hakuwa mwasisi. Ila siku ile ya mkutano wa kwanza wanasayansi na wasanii waligombania neno lipi litangulie kwenye jina la Jumuiya. Kila upande ukakusanya karatasi zake uondoke. Pantaleo alikuwa mlangoni na sinia. Akawaambia birika ni moja, yeye hagawi chai vyumba viwili. Wakatazamana, wakaketi tena.

"Bila yeye zingekuwa jumuiya mbili, na zote zingekufa," akasema. "Andika hivyo, mwanangu. Usimvalishe koti la kuazima."

Nimerudi Kariakoo kwa miguu. Baba alikuwa akirudi nyumbani kila jioni, nami sikuwahi kumuuliza siku yake kazini ilikwendaje. Hata mara moja.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefuta jina, nimeandika kisa. Kurasa mbili, hakuna uongo. Elieshi kasoma amesimama, akavua miwani, akasema hajasoma sura nzuri hivyo siku nyingi. Akaniomba radhi kwa maswali ya juzi. Nikamwahidi kwamba kuanzia leo naandika ukweli mtupu.

Mchana nimeanza sura ya pili, inayohusu jarida la Jumuiya. Toleo la kwanza limepotea. Hakuna anayekumbuka nani aliandika makala ya ufunguzi.

Mama alikuwa na mwandiko mzuri sana.