Mbuzi Aliyegeuka Kamera

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimekaa kibandani kwangu Kalundu, nachaji simu za wapagazi wa bandari, na wakati huohuo niko nyumbani Mulongwe. Ndiyo! Nafungua simu, nabonyeza, ua wangu wote huu hapa. Mke wangu Gloriose anafua. Binti yetu Chérie anamfukuza kuku. Jirani anapita akiangalia papai langu. Nimekuona, bwana! Kamera ina sola yake na kadi yake ya simu, haingoji umeme wa mtu. Sina haja ya kitu kingine duniani ila mega za intaneti.

Tatizo lipo, dogo tu. Kamera hii zamani ilikuwa mbuzi. Mbuzi wa mama mkwe, aliyetuachia tumlishe. Baada ya Pasaka nilimpa Hatungimana, muuza redio na sola hapa bandarini, naye akanipa kamera. Gloriose nilimwambia mbuzi yuko Luberizi kwa rafiki mwenye dume zuri, na kamera nimepewa niijaribu. Aliamini. Au alinyamaza tu, sijui.

Jioni Gloriose kasema mama yake anafika kesho kutoka Luvungi. Anakuja kumwona nani? Mjukuu? Hapana. Mbuzi! Sikula. Nimesema ni malaria.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Amefika. Nimemsalimu kutoka mlangoni, macho chini, kama inavyotakiwa. Jina lake silitaji hata humu. Kwetu mkwe hamwangalii mama mkwe akila, wala akiwa hana kitambaa kichwani. Mimi ni mtu wa heshima. Habari ya mbuzi ni jambo lingine, na tena sikumla.

Aliuliza kwa nini hatukumwambia kuwa mbuzi yuko Luberizi, maana gari lake limepita palepale na angeshuka amwone. Jasho! Nilijibu kwamba mbuzi analishwa mbali na barabara, karibu na mto, na kwamba nitamfuata mwenyewe ili mama asichoke. Alisema vizuri, atamngoja. Anarudi kwake Jumapili baada ya misa.

Gloriose alinifuata nyuma ya nyumba. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisema: "Baba Chérie, mbuzi ya mama ikikosa, siku ya yenga minye na mutoto tunaenda naye Luvungi. Na hatutarudia."

Naogopa. Jumapili hii, yeye na mtoto! Naogopa kweli. Nyumba bila wale wawili nitaifanyia nini? Nitaiangalia kwenye simu?

Jumatano, tarehe 5 Juni

Luberizi. Nimeletwa na Basile, rafiki yangu, motari, kwa pikipiki yake. Yeye anabeba magunia ya mpunga, mimi natafuta mbuzi. Jike, mweusi tii, doa jeupe kwenye paji la uso. Nimeona weupe wenye doa jeusi. Nimeona wa kahawia. Nimeona mmoja sawasawa kabisa, lakini alikuwa dume, na mwenyewe akaniuliza nina shida gani.

Simu nayo hainipi nafasi. Kila mara inalia: mtu ameonekana. Nafungua haraka, moyo mkononi. Ni nani? Mama mkwe, chini ya kamera, anakula karanga! Nikafunika nusu ya kioo kwa kidole gumba. Akahamia nusu nyingine. Nikafumba macho. Sasa kamera yenye kuangaliwa kwa macho yaliyofumbwa ina faida gani?

Nikampa Basile simu. Yeye si mkwe wake, anaruhusiwa. Nikamgeuzia mgongo, akawa ananieleza. Alisema mama kakaa kwenye kiti changu. Nikavumilia. Alisema mama kavaa kofia yangu. Nikavumilia. Alisema mama anachimba pale alipokuwa anafungwa mbuzi, kama mtu anayetafuta mifupa. Nilipiga yowe, watu wa mpunga wakaacha kazi. Kumbe anachuma mboga, lengalenga! Basile alicheka mpaka akakaa chini.

Nimemuuliza kama desturi inahusu hata simu. Alijibu kwamba desturi ni ya macho, mega ni mambo ya kampuni. Haikunisaidia.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimepata! Jike. Mweusi. Umri uleule. Mwenyewe ni mzee wa shamba la mpunga, hakutaka pesa, alitaka mwanga. Nimempa betri kubwa ya kibanda changu, Basile aliirudia Kalundu asubuhi. Ndiyo, ni betri ninayochajia simu za watu. Ndiyo, bila hiyo kibanda ni kivuli tu. Lakini mtu huokoa nyumba kwanza, biashara baadaye.

Mbuzi mpya ana hasira. Kampiga Basile pembe mara alipomsalimu. Doa jeupe hana, hilo ni jambo dogo. Nimekoroga chokaa na maji, nimempaka kwenye paji la uso. Nikasimama mbali, nikakunja macho. Ni yeye! Basile kasema doa la yule lilikuwa kama yai na hili ni kama ramani ya mkoa. Basile hana jicho la sanaa.

Leo nitalala vizuri kidogo, hapahapa Luberizi, mpaka Basile amalize magunia yake.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Siku mbaya.

Simu ililia saa nne. Nikafungua kidole kikiwa tayari. Mama mkwe hayupo. Badala yake yuko mbuzi. Mweusi, doa jeupe kama yai, amefungwa uani kwangu, anacheua. Nikageuka nyuma. Mbuzi wangu yuko hapa, naye anacheua. Nikatazama simu. Mbuzi. Nikatazama nyuma. Mbuzi.

Nilimweleza Basile kwa utulivu kwamba kamera inaonyesha picha za zamani, vitu hivi vinajichanganya jua likiwa kali. Basile alifikiri, akaniuliza: mbuzi aliondoka siku ileile kamera ilipofika, sasa kamera ilimwona wapi? Nikamwambia mambo ya mtandao ni marefu, yeye aendelee na mpunga. Nikampigia Hatungimana. Hapokei. Tena. Hapokei!

Kamera ina kitufe cha kuongea. Nikabonyeza, nikaita Gloriose, Gloriose, kuna nini hapo? Gloriose hakutokea. Alitokea mama mkwe. Alikuja mpaka karibu, akainua uso, akanitazama ndani ya macho. Bila kitambaa! Nywele zote nje!

Simu ilinitoka mkononi ikaingia kwenye mfereji wa mpunga. Sijui kama niliiangusha au niliitupa. Basile kaitoa na kuizika ndani ya gunia la mpunga ikauke. Haijapumua mpaka sasa.

Nimeamua ilikuwa picha ya zamani. Lazima iwe hivyo.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimeingia uani saa saba, juu ya pikipiki, mbuzi mapajani, nikitabasamu.

Walikuwa wamekaa wote. Mama mkwe kwenye kiti changu. Gloriose kando yake. Hatungimana kwenye benchi, kofia magotini. Na katikati, amefungwa kwenye mti wake, mbuzi.

Nilisema mama, mbuzi wako huyu hapa, amenenepa. Nikamshusha. Mbuzi wa mama mkwe akamsogelea mgeni, akamnusa, akaanza kumlamba paji la uso, polepole, kama mtu mwenye nafasi. Mkoa wote ukaisha. Chérie peke yake ndiye aliyepiga makofi.

Kumbe jana asubuhi mama mkwe alikwenda Kalundu kununua samaki, mikeke ya ziwani. Akamkuta mbuzi wake nyuma ya duka la Hatungimana. Akamwita, naye akaitika. Hatungimana alisema huyu ni mbuzi wake, alibadilishana na mwenyewe. Mama mkwe akamwambia mbele ya wapagazi wote: "Weye unauzisha redio. Mbuzi unaijulia wapi? Mwenyewe ni minye!" Wapagazi wakafungua kamba wenyewe, wakamsindikiza mpaka Mulongwe.

Nilimuuliza Gloriose kwa nini hawakunipigia jana hiyohiyo, hata kwa simu ya Basile. Alisema walitaka kuona nitaleta nini. Kisha akaingia ndani. Nikasikia anafunga begi.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Sikusikia neno la misa. Nilikuwa naangalia shingo ya Gloriose, benchi la mbele, nikisema moyoni usiende, usiende.

Baada ya misa mama mkwe alitoa hukumu, mimi nikiwa nimepiga magoti na macho chini. Hatungimana achukue mbuzi wa Luberizi, asirudi kulia mlangoni. Mbuzi wake yeye mama abaki hapa kwa ajili ya Gloriose, maana mbuzi huyo ana mimba, mama amemshika tumbo na anajua. Kamera nayo ibaki, lakini igeuzwe imtazame mbuzi, na picha ziende kwenye simu yake yeye, Luvungi. Hatungimana alizipanga palepale, kwa furaha nyingi. Siku mbuzi asipoonekana, Gloriose na mtoto wapande gari siku hiyohiyo.

Nililia. Si kwa hila, nililia tu. Nikaapa mbele ya wote kwamba ujanja nimeacha. Gloriose aliniletea maji ya kunawa uso. Aliyaleta mwenyewe, hakumtuma Chérie.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Maisha mapya. Mama mkwe anapiga simu ya Gloriose kila asubuhi. Majani ni makavu. Maji ya mbuzi ni machafu. Na yule baba analala mchana kwa nini? Simu yangu imekufa kabisa, kwa hiyo katika ukoo mzima mimi tu ndiye nisiyeona nyumba yangu.

Kibandani nako, bila betri, wapagazi wamehamia kwa mwingine. Mtu atalishaje mke na mtoto hivi? Kwa ajili yao nimepita kwa Hatungimana, kumwomba radhi tu. Tukaongea. Ana betri nzuri, karibu mpya. Tena amenikumbusha kwamba dume aliyempa mbuzi mimba ni wake. Sasa, mbuzi mwenye tumbo lile atazaa wawili, hilo halina ubishi. Mama mkwe anamjua mbuzi mwenyewe tu, watoto wake hajawahesabu. Kamera haioni tumboni! Mmoja akizaliwa nyuma ya nyumba, penye kivuli, akaenda kwa Hatungimana, nani atajua? Tumepeana mikono. Betri ninayo.

Kama atazaa mmoja tu? Haiwezekani, nimelitazama tumbo vizuri.

Begi la Gloriose bado liko mlangoni, limefungwa. Sijui anangoja nini.