Herufi Sitini za Kwanza

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nafasi ya mkufunzi wa kompyuta imetangazwa. Ni moja. Kweyu, katibu wa kikundi chetu cha wasioona, alisema hayo saa nne na dakika kumi, ukumbi wa Ziwani. Tunaoitaka ni wawili: mimi na Asenath. Kutakuwa na usaili. Kila mmoja alete pia shahidi aliyesaidiwa na skripti yake, yaani maagizo tunayoiandikia programu ya kusoma skrini ili isome tunavyotaka.

Skripti ya Asenath haina makuu. Hutua kila sentensi inapoisha. Ukitaka inaendelea, ukitaka inaruka. Mwendo wa kobe!

Mimi nilikuwa mwanahabari miaka thelathini kabla macho hayajaniacha. Habari huwa juu. Mhariri akikosa nafasi, hukata chini. Basi skripti yangu huchukua mfuatano wa herufi za ujumbe, ikabakiza sitini za kwanza na kutupa nyingine. Asenath alinishauri niijaribu kwanza kwa jumbe ishirini za zamani. Wivu.

Jumanne, 9 Septemba

Eastleigh. Nimeiweka skripti kwenye kompyuta ya Qamar, Mama Hirad, anayeuza vitambaa kwa jumla na kuvitambua kwa vidole. Alisema jumbe arobaini zimeisha kabla chai haijapoa. Ameahidi kuwa shahidi wangu.

Jumatano, 10 Septemba

Sina shahidi.

Triza, kiongozi wa kwaya huko Makongeni, alimwandikia Mama Hirad jana. Skripti ilisoma: "Habari ya asubuhi Mama Hirad. Natumaini mmeamka salama, wewe". Herufi sitini kamili, na nafasi tupu zikihesabiwa. Mama Hirad akajibu kwamba ameamka salama, alhamdulillahi. Kilichotupwa: na watoto, mvua, mgongo wa mama mkwe, na mwishoni kabisa, kwamba sare za kwaya si za kijani tena, ni za buluu. Filsan, binti wa Mama Hirad, alikuwa ameshakata majora matatu ya kijani.

Nilimweleza Mama Hirad kwamba kosa ni la Triza. Angeanza na jambo lenyewe. Akaniuliza kama kwetu watu huingia nyumba ya mtu wakidai kitambaa kabla ya kupiga hodi. Akasema, mzee Wakoli, mkasi huo nenda ukakatie ng'ombe majani. Filsan alicheka hadi akakaa chini. Wameweka skripti ya Asenath.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimegundua kiini cha mambo. Nchi hii haina wahariri. Jambo huwa mwishoni!

Skripti sasa hutupa herufi sitini za kwanza na kusoma zinazofuata. Nimeiweka kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Nimeijaribu kwa ujumbe mmoja wa ndugu yangu Nabiswa. Nimejua anachotaka bila kusikia habari za kuku wake. Inatosha.

Saa kumi na moja jioni ukaingia ujumbe wa Kweyu. Ulisomwa hivi: "Jiandae vizuri, ndugu yangu. Salimia nyumbani." Basi! Katibu mzima anamtia moyo mgombea mmoja kisirisiri. Nimeelewa yuko upande gani.

Asenath alipiga simu kuuliza kama nimepata ujumbe. Nilimjibu sihitaji kukumbushwa. Akasema sawa baba, tusije tukalaumiana.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimejiandaa vizuri. Nilipiga shati pasi. Kuanzia saa mbili hadi saa sita nilifanya mazoezi ya majibu mbele ya redio iliyozimwa. Nilisalimia nyumbani.

Saa saba Kweyu alipiga simu akauliza niko wapi. Nikasema najiandaa. Aliniuliza nilisikia nini katika ujumbe wake, nikamwambia. Kisha akasema alituma simu za maandishi za reli miaka mingi, na hajui kuzunguka. Jambo huliweka mbele. Niliiondoa skripti nikasikiliza upya: "Usaili ni Ijumaa saa tatu kamili asubuhi, ukumbi wa Ziwani." Ukihesabu na nafasi tupu baada ya nukta, ni sitini.

Asenath alifika saa mbili na nusu. Amepita. Hakukuwa na mwingine.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimekata rufaa. Kweyu ameipokea shingo upande. Kamati itaisikiliza Jumatatu. Saa ataituma kwa ujumbe. Asenath amejitolea kunipigia simu ili nisikose. Nimekataa. Simtegemei mshindani.

Isitoshe, tatizo nimelimaliza. Triza hujaza maneno mbele, Kweyu hujaza nyuma. Skripti mpya inakata herufi sitini mbele na sitini nyuma, ibaki nyama tupu. Nimeijaribu kwa ujumbe uleule wa Kweyu. Kimya kabisa. Hakuna hata neno moja la ziada!

Jumatatu, 15 Septemba: rufaa, Ziwani. Saa: nasubiri ujumbe.